Hesabu ya Hewa Ipitayo Nyumbani

Mtu aweza kukaa siku nyingi bila chakula, na siku chache bila maji, lakini bila hewa hawezi kukaa hata robo saa. Walakini katika vitu hivi vitatu, hewa ndiyo isiyopimwa kabisa. Mama hupima unga kwa kibaba na maji kwa ndoo, lakini ni nadra kumwona mtu apimaye hewa ya chumba anacholala. Sababu yake ni wazi: hewa haionekani, haiuzwi sokoni, tena iko kila mahali. Lakini hewa iliyoko nje ni jambo moja, na hewa iingiayo chumbani ni jambo jingine. Hii ya pili yaweza kupungua mpaka ikaleta maradhi, wala wenye chumba wasijue.

Basi na achukuliwe mfano wa nyumba za pembezoni mwa Dar es Salaam, kama zile za Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, au za Tandika na Mbagala upande wa Temeke. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa namna iitwayo nyumba ya Kiswahili. Mbele pana baraza. Kisha mlango mkubwa. Kisha ukumbi mwembamba upitao katikati ya nyumba mpaka uani. Na vyumba viko kushoto na kuume kwa ukumbi huo, pengine vitatu huku na vitatu huku. Uani ndiko kuliko na jiko, choo na mahali pa kufulia. Aghalabu kila chumba hupangwa na jamaa mbali mbali. Usiku kila mlango hufungwa kwa komeo kwa kuwaogopa wezi, na dirisha nalo mara nyingi hufungwa, kwa ajili ya wezi hao hao, au mbu, au mvua.

Chumba kimoja cha nyumba hiyo tuseme kina urefu wa meta 4, upana wa meta 3, na kutoka sakafuni mpaka juu ni meta 2.5. Mwanafunzi akizidisha hesabu hizo atapata meta za ujazo 30, yaani lita 30,000 za hewa. Ndani wamelala watu wanne: baba, mama na watoto wawili. Je, hewa hiyo yawatosha mpaka asubuhi?

Kwanza yafaa kujua hewa ni nini. Katika kila lita 100 za hewa ya nje, lita 78 ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii katika kupumua, na lita 21 ni oksijeni, ndiyo iletayo uzima. Hewa ya ukaa ni kidogo sana: kama lita 4 tu katika lita 10,000. Mtu aliyetulia huvuta pumzi kama mara 12 hata 16 kila dakika, na kila pumzi ni kadiri ya nusu lita. Pumzi itokapo, hewa ya ukaa imekwisha kuwa lita 4 katika lita 100, yaani mara mia ya ile iliyoingia.

Mwaka 1858 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Max von Pettenkofer wa mji wa Munich, alieleza njia ya kutumia jambo hili kama kipimo. Aliona ya kwamba hewa ya ukaa ikizidi lita 1 katika lita 1,000, chumba huanza kunuka uvundo wa watu, na hewa yake haifai tena. Hakusema kwamba ukaa huo kidogo ni sumu. Alisema ni dalili tu, kama vile moshi ni dalili ya moto. Maana ukaa ukiongezeka chumbani, hakuna budi pumzi zilizokwisha tumiwa na watu wengine zimeongezeka pia. Kipimo chake kimesahihishwa na wengine baadaye, lakini mpaka leo wapimao hewa ya majumba hufuata njia hiyo.

Sasa hesabu yenyewe. Mtu aliyelala hutoa kwa makadirio lita 15 za hewa ya ukaa kila saa. Watu wanne watatoa lita 60. Lita 60 zikienea katika lita 30,000, ongezeko ni lita 2 katika kila lita 1,000. Basi kama chumba kimezibwa kabisa, kipimo cha Pettenkofer chafikiwa kwa muda wa dakika 18 tu tangu watu kulala! Bila shaka chumba hakizibwi hivyo. Uwazi chini ya mlango, ufa wa dirisha, nafasi kati ya ukuta na bati, hivi vyote hupitisha hewa. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa fundi wa kuta ni neno la kweli. Ila katika chumba cha namna hii, ufa huo huo ndio uliowaokoa watu wengi bila wao kuushukuru.

Ili hewa isizidi kipimo kile, kila mtu ahitaji kuletewa meta za ujazo 25 za hewa mpya kila saa. Maana lita zake 15 za ukaa zikigawanywa katika lita 25,000, zitakuwa kama 0.6 katika elfu, na 0.4 ilikuwamo tangu nje. Jumla ni 1. Hii ni sawa na lita 7 kila sekunde kwa mtu mmoja, na lita 28 kwa watu wanne. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa Uviko, lilitaka zaidi kidogo katika majumba ya watu wengi kama madarasa na ofisi, yaani lita 10 kila sekunde kwa kila mtu.

(Hesabu hii ni ya pumzi tu. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa nyingine yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Kwa jambo hilo hapana hesabu ya kufanya: jiko na litolewe nje.)

Je, hewa hiyo mpya yatoka wapi? Huletwa na upepo. Pwani ya Dar es Salaam ina pepo mbili kubwa, kila mtoto wa mvuvi azijua. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, tangu Desemba hata Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili au Mei mpaka Oktoba hivi. Katikati yake ni maleleji, siku ambazo upepo hubadilika-badilika au hutulia kabisa. Upepo ukipiga ukuta mmoja wa nyumba, huusukuma. Na ukuta wa upande wa pili, ulio kinyume cha upepo, hewa yake huvutwa. Basi kukiwa na tundu upande huu na tundu upande ule, hewa itaingia huku na kutoka kule.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kanuni nyepesi ya kukadiria hewa hiyo. Chukua mwendo wa upepo kwa meta katika sekunde. Zidisha kwa eneo la tundu lililo dogo kati ya yale mawili, kwa meta za mraba. Kisha zidisha kwa 0.65. Jibu ni meta za ujazo za hewa kila sekunde. Neno la kushika ni hili: tundu dogo ndilo litawalalo. Mtu aweza kuwa na dirisha kama mlango wa kanisa; kama hewa haina pa kutokea ila tundu la ngumi, atapata hewa ya tundu la ngumi.

Dirisha la chumba kile lina meta 1 kwa meta 1. Lakini siku hizi watu hupenda madirisha ya vioo vya kusukuma, nayo hayafunguki ila nusu, kwa kuwa kioo kimoja husimama nyuma ya kioo kingine. Kwa hiyo uwazi ni nusu ya meta ya mraba, na anunuaye dirisha zima amelipia nusu ya hewa. Madirisha ya mbao ya zamani, ijapokuwa hayapendezi macho ya watu wa leo, yalifunguka yote.

Mlango wa ukumbini ukiwa wazi mchana, na upepo ukivuma meta 1 kwa sekunde, hesabu ni 0.65 × 1 × 0.5, yaani lita 325 kila sekunde. Ni nyingi mno, kupita mara kumi ya zihitajiwazo. Lakini mlango ukifungwa, mambo hugeuka kabisa. Sasa hewa yaingia na kutoka kwa dirisha moja tu, kama watu wanaopigana vikumbo katika mlango mmoja. Kwa chumba cha tundu moja kuna kanuni nyingine, iliyotumiwa na wajenzi wa Uingereza, na hesabu yake badala ya 0.65 ni 0.025. Jibu ni lita 12.5 tu kwa watu wanne, na kila mmoja apata lita 3. Dirisha ni lile lile, na upepo ni ule ule. Lililobadilika ni mlango kufungwa, na hewa imepungua zaidi ya mara ishirini.

Na huo ni upepo wa meta 1, ambao katika mitaa ya Tandale si rahisi kuupata dirishani. Nyumba zimebanana, ukuta wa jirani pengine uko umbali wa hatua mbili. Upepo hupita juu ya mabati, na katika kichochoro hubaki wa kutikisa uzi tu. Tena dirisha lina waya wa mbu, nao huweza kuzuia hata nusu ya hewa au zaidi, hasa vumbi likigandamana. Lakini asidhani mtu kwamba dawa ni kuung'oa waya. Malaria ni adui wa hakika. Dawa ni kupanua tundu, ili nusu inayopita itoshe.

Mafundi wa zamani, bila kalamu wala karatasi, walilijua jambo hili kwa desturi. Katika nyumba nyingi za kale hapakuwa na dari, na kuta za vyumba hazikufika mpaka kwenye paa. Hewa ilipita juu ya vichwa vya watu kutoka chumba hata chumba, mlango ukiwa umefungwa. Faragha ilipungua, maana kila neno lilisikiwa na jirani. Leo watu huweka dari, nao hupata faragha na joto.

Fundi aweza kurudisha faida ile kwa kuacha tundu juu ya mlango. Tuseme tundu lina upana wa sentimeta 80 na urefu wa sentimeta 30, limetiwa nondo na waya wa mbu. Eneo lake ni 0.24 ya meta ya mraba. Upepo wa usiku na uwe nusu meta tu kwa sekunde. Hesabu itatoa lita 78. Na waya ukizuia nusu, zitabaki 39, yaani karibu lita 10 kwa kila mtu. Bila tundu hilo, kwa upepo huo huo, kila mtu angepata lita moja na nusu.

Lakini mwanafunzi mwenye akili atauliza: Hewa ikitoka chumbani kwa tundu la juu ya mlango, yaenda wapi? Yaenda ukumbini. Na ukumbini yatokea wapi, maana mlango wa mbele umefungwa, na wa uani umefungwa? Itabidi ipite juu ya milango mingine, iingie vyumba vya upande wa pili, itokee madirishani mwao. Nao wakifunga madirisha, hewa ya chumba cha kwanza itasimama. Kumbe hesabu ya chumba kimoja haiwezi kukamilika bila hesabu ya nyumba nzima!

Hapa ndipo kalamu inaposhindwa. Vyumba sita na ukumbi mmoja ni sehemu saba, na kila moja ina msukumo wake wa hewa usiojulikana. Hewa hupita kutoka penye msukumo mkubwa kwenda penye msukumo mdogo. Tena haipiti kwa uwiano wa sawa, kwa maana msukumo ukiongezwa mara nne, hewa ipitayo tundu kubwa huongezeka mara mbili tu. Sharti ni moja, nalo halivunjiki: katika kila chumba, hewa iingiayo lazima iwe sawa na hewa itokayo. Mtu akibadili tundu moja, misukumo yote saba hubadilika.

Kwa sababu hiyo wataalamu wametunga programu za kompyuta za kufanya kazi hii. Moja ijulikanayo sana huitwa CONTAM, iliyotungwa na taasisi ya serikali ya Marekani ishughulikayo na viwango na vipimo, nayo hutolewa bure kwa kila aitakaye. Iko nyingine iitwayo EnergyPlus, ya Wizara ya Nishati ya Marekani, ambayo huhesabu joto la nyumba pamoja na hewa yake. Mfanya kazi huchora ramani ya nyumba, huonyesha kila mlango, dirisha na ufa, na eneo lake. Kisha huandika upepo watoka upande gani, na joto la nje na la ndani.

Mashini haina uchawi. Kwanza hubahatisha misukumo saba. Kisha hupima hewa ngapi ingepita kila tundu, na kutazama kama sharti lile limetimia. Halikutimia, ukumbi, tuseme, umepokea zaidi ya ulivyotoa. Basi huongeza msukumo wa ukumbi kidogo, na kupima tena, na kusahihisha tena, mpaka tofauti iwe ndogo hata haihesabiki. Mtu mwenye subira angeweza kufanya vivyo hivyo kwa karatasi kwa siku kadhaa. Kompyuta humaliza kabla mtu hajapepesa jicho, na kuanza upya kwa upepo wa mwezi mwingine.

Hata hivyo programu yajua yale tu iliyoambiwa. Wengi huiandikia upepo upimwao uwanja wa ndege, mahali peupe pasipo majumba, kisha huamini majibu yake kwa nyumba iliyo kichochoroni Tandika. Huko ni kujidanganya. Wala ramani haionyeshi pazia zito la mlangoni, kabati lililosimamishwa mbele ya dirisha, wala saa ambayo baba hufunga madirisha. Afadhali mtu achome udi karibu na dirisha, atazame moshi waelekea wapi, na kuhesabu sekunde unazochukua kupita meta moja. Majibu ya moshi na majibu ya kompyuta yakipingana, moshi ndio wenye haki.

Sababu ya kujitaabisha hivi yaonekana kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alitangaza kijidudu chake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. (Huyo huyo alikaa Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, akichunguza malaria.) Mgonjwa asiyetumia dawa akikohoa, vijidudu huelea hewani muda mrefu, na avutaye hewa hiyo aweza kuambukizwa. Katika Temeke, Taasisi ya Afya ya Ifakara imewachunguza wagonjwa wa kifua kikuu tangu 2013. Wataalamu wake na wenzao walipima pia hewa ya ukaa mahali pa watu wengi mjini Dar es Salaam, kama gerezani, mashuleni, masokoni na ndani ya daladala, wakatoa habari zake mwaka 2017. Gereza na magari ya abiria ndiyo yaliyoonekana kuwa na hatari kubwa. Na mwaka huo wa 2007, miaka kumi kabla yake, wataalamu waliopima hospitali nane za mji wa Lima, nchi ya Peru, walikuta kwamba kufungua madirisha na milango kuliongeza hewa mara 18, na kwamba wodi zilizojengwa kabla ya 1950, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zilipita wodi mpya.

Sasa na irudiwe ile nyumba ya vyumba sita. Vyumba vitatu vyaelekea kaskazini na vitatu kusini, na juu ya kila mlango pana tundu. Katika chumba cha katikati upande wa kaskazini amelala mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa juzi. Dawa hizo hutolewa bure, nazo baada ya majuma machache aghalabu humwondolea uwezo wa kuambukiza. Lakini majuma hayo lazima yapite. Ikiwa ni Januari, kaskazi yaingia dirishani kwake, yapita juu ya mlango wake mpaka ukumbini, na kuingia vyumba vya kusini, walimolala watoto wa majirani. Kila mtu ana hewa tele, na hesabu ya lita yapendeza. Lakini hewa hiyo imepita kwanza kwa mgonjwa. Ikiwa ni Julai, kusi yaingia upande wa kusini, yapita ukumbini, yaingia kwake na kutokea dirishani kwake mpaka nje, wala hapana apataye pumzi zake.

Nyumba ni ile ile, na matundu ni yale yale. Kujua lita ngapi hakutoshi. Sharti kujua pia zatoka wapi na zaenda wapi, na hili ndilo jambo ambalo programu kama CONTAM hulionyesha vizuri juu ya ramani. Basi mwezi wa Januari jamaa za mgonjwa wafanye nini? Wambadilishie chumba, wampe kimoja cha kusini, tena cha pembeni, ambacho kuta zake mbili zapakana na nje. Humo madirisha mawili, moja kila ukuta, yaweza kupitisha upepo pasipo kuutegemea ukumbi, na tundu la juu ya mlango wake likazibwa kwa ubao mpaka majuma yale yatimie.